Afisa Usalama ni Nani, na Jasusi ni Nani?

Mtaani neno "usalama" limebebeshwa kila mzigo. Kijana akichukuliwa na watu waliovaa kiraia, ni usalama. Jirani ambaye hakuna anayejua anafanya kazi gani, lakini kila mwaka anabadilisha gari, naye ni usalama. Mzee wa kijiweni anayeshinda na gazeti lile lile bila kufungua ukurasa wa pili, huyo ndiyo kabisa, mtu wa kitengo. Matapeli wameliona pengo hilo siku nyingi. Mtu anakusogelea, anashusha sauti, anakwambia anatoka usalama, mkono uko kiunoni kana kwamba kuna kitu, na wengi wetu tunatoa simu na namba ya siri bila hata kuomba kitambulisho.

Tutenganishe vilivyochanganywa. Nitapita kwenye maisha ya mtu mmoja, Oleg Gordievsky, Mrusi aliyefariki Uingereza Machi 2025 akiwa na miaka 86. Nimemchagua kwa sababu alikuwa afisa ujasusi na jasusi kwa wakati mmoja, kwa waajiri wawili waliokuwa maadui: KGB, idara ya usalama na ujasusi ya Muungano wa Kisovieti, na MI6, idara ya ujasusi wa nje ya Uingereza. Ukimwelewa yeye, hizo kazi mbili hutazichanganya tena.

Afisa yuko wapi, jasusi yuko wapi

Idara ya ujasusi ni ofisi ya serikali inayotafuta habari ambazo wenye nazo hawataki zijulikane, inazipima, kisha inazipeleka kwa viongozi wa nchi kabla hawajaamua jambo. Afisa ujasusi ni mwajiriwa wa ofisi hiyo. Ana mshahara, ana cheo, ana likizo, na ana bosi anayemkera kama mtumishi mwingine yeyote. Jasusi, kwa maana ya mtu anayetoa siri, kwa kawaida ni mtu mwingine: karani wa wizara ya nchi nyingine, kanali jeshini, mhandisi wa kiwanda cha silaha, mtu aliyekuwa ameshakaa ndani kabla hajatafutwa. Wenye kazi yao humwita chanzo. Afisa humtafuta, humzoea, humshawishi, hupokea anachotoa, na hujitahidi asikamatwe.

Mnunuzi wa karafuu hapandi mkarafuu. Anamjua mwenye shamba, anajua ada za watoto wake zinadaiwa lini na ni ndugu gani amegombana naye, na siku akibisha hodi na fedha mkononi ameshajua atajibiwa nini. Tawi likivunjika, anayeanguka ni aliye juu. Ndivyo ilivyo na kesi za ujasusi. Afisa aliyejificha chini ya mwavuli wa ubalozi ana kinga ya kidiplomasia. Akinaswa na chanzo chake mgahawani, serikali ya nchi hiyo itamtangaza kuwa hatakiwi, atafunga mizigo, atarudi kwao, na pengine mwakani atapelekwa nchi nyingine. Chanzo ndiye atakayefungwa, na katika baadhi ya nchi kunyongwa au kupigwa risasi. Mwaka 1971 Uingereza iliwafungia mlango maafisa wa Kisovieti 105 kwa mkupuo mmoja: 90 waliambiwa waondoke, na 15 waliokuwa nje ya nchi kwa muda wakaambiwa wasirudi. Walipanda ndege wakaenda zao.

Wapo wachache wasio na kinga hiyo, wanaoishi ughaibuni kwa majina na uraia wa kubuni. Mfano wa karibuni ni mume na mke Warusi walioishi Slovenia wakijifanya raia wa Argentina, mke akiwa na nyumba ya sanaa. Walikamatwa Desemba 2022, wakarudishwa Moscow katika mabadilishano ya wafungwa ya Agosti 2024. Msemaji wa Kremlin alisema watoto wao wawili walijua kuwa ni Warusi wakiwa ndani ya ndege, na Putin alipowapokea uwanjani aliwasalimu kwa Kihispania, kwani Kirusi hawakukijua. Hao ni wachache mno. Maafisa wengi zaidi wana meza ubalozini na kadi inayosema "Katibu wa Pili".

Na polisi je?

Hapa ndipo mtaa unapokosea zaidi. Polisi anatafuta ushahidi utakaosimama mahakamani. Afisa ujasusi anatafuta habari ambayo ikifika mahakamani imeshaharibika, maana mwenye kuitoa ameshajulikana. Kwa hiyo nchi nyingi hazimpi afisa ujasusi pingu. Kenya ilipounda idara mpya mwaka 1998 kuchukua nafasi ya ile iliyotokana na Special Branch, kitengo cha ujasusi cha polisi, moja ya mabadiliko makubwa ilikuwa kuiondolea mamlaka ya kukamata watu. Tanzania, sheria ya Idara ya Usalama wa Taifa ilipotungwa mwaka 1996 ilisema waziwazi kwamba si kazi ya Idara kutekeleza hatua za usalama, wala kumfuatilia mtu kwa sababu tu anaandamana au anapinga kwa njia halali. Sheria hiyo ilifanyiwa marekebisho mwaka 2023, na wakosoaji walipigia kelele hasa kinga iliyowekwa kwa maafisa. Kama yanayotokea mitaani yanafuata maandishi hayo ni swali la haki kabisa, na wananchi wana sababu ya kuliuliza. Lakini ili uliulize vizuri inabidi kwanza ujue maandishi yanasema nini.

Halafu kuna hili la "hawajulikani". Wakuu wao wanajulikana. Mkurugenzi Mkuu wa TISS, yaani hiyo Idara ya Usalama wa Taifa ya Tanzania, huteuliwa na Rais na jina lake hutangazwa na Ikulu. Wa Kenya huhojiwa kwanza na kamati ya Bunge. MI6 ya Uingereza, ambayo hadi mwaka 1994 haikuwa na sheria hata moja inayokiri kuwapo kwake, leo ina tovuti ya ajira, na tangu Oktoba 2025 inaongozwa na mwanamke kwa mara ya kwanza, Blaise Metreweli. Kinachofichwa ni majina ya walio chini, na zaidi ya hapo, majina ya vyanzo.

Mtoto wa nyumba ya KGB

Gordievsky alizaliwa Moscow mwaka 1938. Baba yake alikuwa mtu wa idara ya usalama ya enzi za Stalin, na kaka yake, Vasili, aliingia KGB kabla yake. Oleg alisoma katika chuo cha uhusiano wa kimataifa cha Moscow, akajifunza lugha, na mwaka 1961 akapelekwa Berlin Mashariki kwa mafunzo ya vitendo, Ukuta wa Berlin ukijengwa mbele ya macho yake. Kisha akaingia shule ya KGB nje ya Moscow: namna ya kugundua kuwa unafuatwa, namna ya kuacha kifurushi mahali mwenzako akakichukua bila ninyi kuonana, namna ya kumfanya mtu apende kuzungumza nawe. Hilo la mwisho ndilo linalomwinua afisa au kumwangusha. Mtu asiyeweza kukaa saa mbili akimsikiliza mwenzake akilalamikia mke, bosi na mshahara, kazi hii haimfai, hata angekuwa bingwa wa kulenga shabaha.

Mwaka 1966 alifika Copenhagen. Ubalozini alikuwa wa masuala ya konseli, mtu wa viza na stakabadhi. Kazi yake halisi ilikuwa kuwahudumia wale wasio na kinga, wanaohitaji vitambulisho vya watu wengine. Denmark rejista za vizazi zilitunzwa na makanisa, kwa hiyo afisa wa dola lililokuwa likihubiri kwamba hakuna Mungu alikuwa akitafuta urafiki na wachungaji.

Agosti 1968 vifaru vya Kisovieti viliingia Prague, mji mkuu wa Chekoslovakia, kuzima mageuzi. Gordievsky alipiga simu nyumbani kwa mkewe akitumia laini ya ubalozi aliyojua inasikilizwa na Wadenmark, akaitukana serikali yake. Alitaka wamsikie. Mbegu ilipandwa siku hiyo, lakini ilichukua miaka. Alirudi Moscow, akapelekwa tena Copenhagen mwaka 1972, na ndipo afisa wa MI6 alipomfuata asubuhi moja kwenye uwanja wa mpira wa vinyoya alikokuwa akicheza. Mwaka 1974 alikubali, kwa masharti matatu: asiwadhuru wenzake wa ofisini, asirekodiwe wala kupigwa picha kwa siri, na asilipwe. Baadaye masharti hayo yalilegea, lakini mtu aliyekuja kwa fedha haanzi hivyo.

Toka siku hiyo akawa na kofia mbili. Ofisini alikuwa afisa anayetakiwa kutafuta vyanzo. Nje ya ofisi alikuwa chanzo, na kijana wa Kiingereza aliyekaa naye mezani ndiye aliyekuwa afisa. Kama wote wawili wangenaswa, mmoja angepanda ndege kwenda London. Mwingine angepelekwa Moscow.

Siku ofisini

Juni 1982 alihamishiwa ubalozi wa London. Ukitaka kujua afisa ujasusi hufanya nini kutwa, achana na sinema, angalia kilichokuwa kikiendelea pale. Wanasoma magazeti. Wanatafuta mtu wa kwenda naye chakula cha mchana, maana Moscow inahesabu umekutana na watu wangapi. Wanaandika ripoti. Wanatunza risiti. Afisa aliyekosa habari huchukua kilichoandikwa gazetini, akakigeuza kidogo, akakituma kana kwamba amenong'onezwa na mtu mzito. Gordievsky mwenyewe hakuwa hodari wa ripoti za siasa, na kazi yake ilianza kuyumba. Ndipo MI6 ilipoanza kumpa habari za kweli zisizo na madhara ili awafurahishe wakubwa zake. Na pale waliomtangulia kwa cheo walipomzibia njia, Uingereza iliwaondoa: mkuu wake wa kitengo alifukuzwa mwaka 1983, na mkuu wa kituo kizima, Arkady Guk, mwaka 1984. Mwanzoni mwa 1985 Gordievsky alikuwa ameteuliwa kurithi kiti cha Guk. Katika historia ya ajira za umma, sijui kama kuna mtu aliyesaidiwa kupanda cheo kwa namna ya ajabu zaidi.

Hapa inafaa nimalize ile dhana kwamba idara hizi zinajua kila kitu. Miaka hiyo wakuu wa Moscow waliamini kwamba nchi za Magharibi zinajiandaa kuwashambulia kwa nyuklia bila onyo. Wakaagiza vituo vyote vitafute dalili. Maafisa wa London waliagizwa kuangalia usiku ni madirisha mangapi ya Wizara ya Ulinzi yana taa, na kufuatilia kama bei inayolipwa kwa wachangia damu imepanda. Uingereza mchangia damu halipwi. Hakuna aliyethubutu kuwaambia wakubwa kwamba agizo halina maana. Wakaangalia madirisha, wakaandika, wakatuma. Moscow ikapokea, ikaona taa zinawaka, ikazidi kuogopa. Hawa walikuwa watu waliosomeshwa kwa gharama kubwa, wengi hawakuamini hata chembe ya walichokituma, na bado walituma.

Novemba 1983 NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, ilifanya mazoezi ya kivita yaliyoitwa Able Archer, na hofu hiyo ikapanda zaidi. Nyaraka alizotoa Gordievsky ndizo zilizowasaidia Waingereza, na baada yao Wamarekani, kuelewa kwamba woga wa Moscow haukuwa maigizo. Desemba 1984 Gorbachev alipotembelea London kabla hajawa kiongozi mkuu, Gordievsky aliandaa sehemu ya taarifa alizosomewa Mrusi huyo, kwa msaada wa MI6. Kila upande ulikuwa ukisoma karatasi zilizopita mkono mmoja.

Je, kazi yao ni kuua?

Jibu fupi ni kwamba si kazi ya kila siku, lakini mikono haiko safi, na sisi wa upande huu wa dunia tuna mfano wetu. Larry Devlin alifika Léopoldville, Kinshasa ya leo, Julai 1960 kuwa mkuu wa kituo cha CIA, shirika la ujasusi la Marekani, siku chache baada ya Kongo kupata uhuru. Septemba mwaka huo alifuatwa na mtu kutoka makao makuu, Sidney Gottlieb, mkemia, akiwa amebeba sumu ya kumuulia Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi hiyo. Sehemu yake ilikuwa ya kuwekwa kwenye dawa ya meno. Devlin aliifungia kwenye sefu, akachelewesha, hatimaye akaitupa mtoni. Kamati ya Seneti ya Marekani iliyachunguza hayo mwaka 1975, Devlin akitoa ushahidi kwa jina la bandia.

Kuna wanaoishia hapo na kumwita muungwana. Mimi sioni hivyo. Afisa huyu huyu ndiye aliyempa Kanali Mobutu fedha na kuungwa mkono alipotwaa madaraka Septemba 14, 1960. Ni askari wa Mobutu waliomkamata Lumumba, na ni mikononi mwao alikotolewa akapelekwa jimbo la Katanga, lililokuwa limejitenga, akauawa Januari 17, 1961 karibu na Élisabethville, mji tunaouita Lubumbashi, na wanajeshi wa Katanga, maafisa wa Kibelgiji wakiwapo. Sumu haikuhitajika. Kilichofanya kazi ni kile kile ambacho afisa ujasusi hukifanya kila siku: kumtambua mtu mwenye njaa ya jambo fulani, kumkalia karibu, na kumpa fedha kwa wakati wake.

Mfuko wa plastiki

Mei 16, 1985 Gordievsky alipokea telegramu: rudi Moscow, uthibitishwe cheo chako. Alikwenda. Alipofika mlango wa nyumba yake alikuta kufuli moja limefungwa ambalo yeye hakuwa na mazoea ya kulifunga. Wiki moja baadaye alialikwa kwenye nyumba ya mapumziko ya KGB, akanyweshwa brandi iliyotiwa dawa, akahojiwa saa kadhaa. Hakukiri. Walimwacha huru wakimfuatilia, wakisubiri ajikamatishe.

MI6 ilikuwa imepanga zamani namna ya kumtoa. Alitakiwa kusimama Jumanne jioni kando ya barabara ya Kutuzovsky, karibu na duka la mikate, akiwa na mfuko wa plastiki wa duka la Kiingereza la Safeway. Jibu lingekuwa Mwingereza anayepita akila chokoleti, ameshika mfuko wa Harrods. Miaka na miaka, Moscow, maafisa wa MI6 na wake zao walipita pale kila wiki kuangalia kama kuna mtu na mfuko, hata kipindi ambacho Gordievsky alikuwa London. Hiyo nayo ni kazi ya afisa ujasusi: kwenda kununua mkate kila Jumanne kwa miaka, na kurudi nyumbani na mkate tu.

Julai 16 alisimama na mfuko. Siku nne baadaye, msituni karibu na mpaka wa Finland, wanadiplomasia wawili wa Kiingereza na wake zao walimpakia kwenye buti ya gari. Mmoja wa wake hao alikuwa na mtoto mchanga. Mbwa wa mpakani walipoanza kunusa gari, alimrushia mmoja vipande vya viazi vya pakiti, kisha akambadilisha mtoto nepi juu ya buti lenyewe na kuitupa ile chafu chini. Gari likapita.

Mkewe wa pili, Leila, na mabinti wao wawili walibaki. Hakuwa amemwambia mkewe lolote, siku zote za ndoa. Novemba mwaka huo alihukumiwa kifo akiwa hayupo. Familia iliruhusiwa kuondoka mwaka 1991 tu, baada ya miaka sita, na ndoa haikudumu baada ya hapo. Alizeeka katika mji mdogo wa Godalming, chini ya ulinzi na jina lisilo lake. Vyombo vya habari vilimwita shujaa. Leila, aliyeolewa na mtu akagundua baadaye kwamba ni wawili, sidhani kama alikuwa na neno moja la kumwita.

Nani alimchoma?

Wengi humnyooshea kidole Aldrich Ames, afisa wa CIA mwenye kazi ya kuzuia ujasusi wa Kisovieti. Aprili 1985, akiwa amezama kwenye madeni, aliingia kwa miguu yake ubalozi wa Kisovieti Washington akajiuza. Orodha kubwa ya majina aliitoa Juni 13, na Gordievsky alikuwa ameshaitwa mwezi mmoja kabla, kwa hiyo wanahistoria bado wanabishana. Kuhusu wengine hakuna ubishi. Takriban watu kumi aliowataja waliuawa.

Ames naye alivaa kofia mbili, ila zake alizivaa kwa uwazi wa kushangaza. Aliruhusiwa na ofisi yake kula chakula cha mchana na mwanadiplomasia wa Kisovieti aitwaye Sergey Chuvakhin, kwa maelezo kwamba anajaribu kumgeuza awe chanzo. Chakula kilikuwa halali, kimeandikwa kwenye kumbukumbu. Chini ya meza hiyo ndiko fedha na siri zilikobadilishana. Alinunua nyumba ya dola 540,000 kwa fedha taslimu, akaendesha Jaguar kwenda kazini kwa mshahara ambao haukufikia hata dola 70,000 kwa mwaka, na akiulizwa alisema ukweni ni matajiri, kule Kolombia. Wenzake waliridhika.

Aliyefumbua fumbo la nani alikuwa akiwauza watu wa CIA hakumfuata mtu usiku wala kuvunja mlango. Sandy Grimes alikaa CIA na wenzake, akapanga orodha ya siku za Ames: kila safari, kila likizo, kila mlo alioutolea taarifa. Agosti 1992 aliweka orodha hiyo kando ya taarifa za benki. Mei 17, 1985, chakula cha mchana na Chuvakhin. Mei 18, dola 9,000 zimeingia. Julai 2, chakula cha mchana. Julai 5, dola 5,000. Julai 31, chakula cha mchana. Siku hiyo hiyo, dola 8,500. FBI, polisi wa upelelezi wa serikali kuu ya Marekani, ilichukua mwaka mmoja na nusu mwingine kukusanya ushahidi wa kusimama mahakamani. Februari 21, 1994, siku ya mapumziko, Ames alipigiwa simu kwamba anahitajika ofisini. Akatoka na Jaguar yake, na magari ya FBI yakamziba mbele na nyuma kabla hajafika mbali na nyumbani.